Alizeti Yangu na Nyuki wa Baba Mkwe

Saa mbili na robo asubuhi, siku ya Jumanne, nilijitwika pampu ya dawa mgongoni nikaingia katika shamba langu la alizeti. Maua yalikuwa yamefunguka karibu nusu. Kufikia saa nne nilikuwa nimemaliza ekari mbili, nimenawa mikono kwa sabuni, nakunywa uji. Nawatajia saa, ndugu zangu, kwa sababu kosa lilikuwa hapo. Dawa ilikuwa ya dukani, yenye leseni. Kipimo kilikuwa sawa. Upepo ulikuwa umetulia. Saa ndiyo haikuwa sawa.

Asante mwenyekiti kwa nafasi hii. Ninyi mliotoka Bungoma alfajiri, poleni na safari. Wenzangu wa Kitale mmeshanizoea, mtanivumilia.

Mnajua nilivyoingia katika kikundi hiki cha walaji wa mimea. Kidole gumba cha mguu kilivimba hadi nikawa naenda kazini na kiatu upande mmoja na kandambili upande wa pili. Daktari akasema ni gauti, akanishauri nipunguze nyama. Mimi ni mtu nisiyejua kupunguza. Niliacha nyama, nikaacha samaki, mayai, maziwa, vyote. Shule niliiachia darasa la nane, kwa hivyo jambo likinishika hulisoma mwenyewe, polepole, na kalamu mkononi. Nilisoma sana habari za vyakula vya mimea. Mguu ulipona. Hilo ni kweli, na leo sikuja kulikanusha.

Lakini mguu ulipopona, kichwa kilianza kuugua. Nilijiona msafi kuliko watu. Nilikwenda kwetu Kabuchai, nikamkuta mama amenichinjia kuku kama ilivyo desturi, nikakaa mbele ya ile sahani nikamuuliza kama kuku yule alikuwa na jina. Mnacheka. Mama hakucheka. Aliiondoa sahani, akampa mtoto wa jirani, na hakunichinjia tena.

Kwa wakwe zangu nilifanya vibaya zaidi. Wao wanaishi juu kidogo, kwenye miteremko ya Mlima Elgon, na ni watu wa nyuki tangu zamani. Mizinga yao ni ya magogo, inaning'inia mitini ng'ambo ya kijito. Mgeni akifika, baba mkwe huleta asali kwenye kibuyu. Siku hiyo alipokileta mbele yangu, nilikisukuma kwa mkono.

"Baba, mimi sili kitu kilichoibiwa kwa mdudu."

Mama mkwe alikuwa mlangoni. Alisema, "Huyu aliiba binti yetu mzima mzima, na chai hatukumnyima."

Nyumba nzima ilicheka. Baba mkwe naye alicheka, akakifunika kibuyu. "Basi mpeni maji," alisema. "Maji hatujaiba kwa mtu."

Nilikunywa maji yale nikiwa na hakika kwamba mimi ndiye mwenye akili pale ndani.

Basi kikundi kikaanza kutafuta mafuta ya kupikia ambayo tunajua yametoka wapi. Mnakumbuka nilisimama hapa hapa nikasema nitalima alizeti, nitakamua mwenyewe, na nitawaletea mafuta yasiyoua kitu. Maneno yangu yalikuwa hayo: mafuta yasiyoua kitu. Mlipiga makofi. Nikakodi ekari mbili chini ya mlima, umbali wa kutembea kutoka kwa wakwe, nikapanda kwa kamba, mistari imenyooka kama ya daftari.

Maua yalipoanza kufunguka, viwavi wakaingia. Mwenye alizeti anajua: kiwavi huingia ndani ya ua na kutafuna mbegu kabla haijakomaa. Nilinunua dawa na kusoma karatasi yake yote, hata maandishi madogo ya chini. Iliandikwa wazi kwamba dawa ile huua nyuki, na kwamba maua yakiwa wazi mtu asinyunyize mchana, angoje jioni nyuki wakisharudi. Siwezi kuwaambia kwamba sikuona. Niliona. Nikajiambia, mimi sina mizinga. Tena jioni nakuwa karakanani kwangu mjini, naranda mbao za viti vya watu. Asubuhi ndiyo niliyokuwa na nafasi.

Nyuki walikuwepo wakati nanyunyiza. Niliwasikia. Ua la alizeti likiwa na nyuki hutoa mlio ambao huwezi kuukosa. Niliendelea na mistari yangu.

Alhamisi jioni mama mkwe alimpigia simu mke wangu. Nyuki walikuwa chini ya mizinga, wengine wamekufa, wengine wanatambaa kama walevi. Mizinga iliyokuwa ikilemea matawi ilikuwa kimya. Mke wangu alinieleza huku akipanga vikombe. Niliuliza, "Ni ugonjwa?" Nikamimina chai ya rangi nikanywa. Nilikuwa nimejua tangu aliposema neno la kwanza, na nikalala bila kusema kitu.

Sasa sikilizeni hapa. Kwa wakwe zangu, mwana akioa, asali hutangulia. Mtungi wa kwanza wa mavuno hupelekwa kwa kina msichana kabla neno lolote la ng'ombe halijatajwa. Shemeji yangu mdogo alikuwa amechumbia, na siku ya kwenda ilikuwa imekaribia. Asali iliyokuwa ikingojwa ni ile ya mizinga iliyokufa. Na palikuwa na majirani wa upande wa juu waliokuwa wamegombana na wakwe zangu juu ya mbuzi walioingia shambani. Kufikia Ijumaa, habari ikawa kwamba hao ndio waliotia sumu, makusudi, ili kuharibu ndoa. Shemeji mkubwa akaapa kwamba Jumamosi jioni atakwenda kwao na wenzake.

Mke wangu aliyajua hayo Jumamosi asubuhi. Alikuja karakanani, jambo ambalo hafanyi, akasimama katikati ya maranda.

"Baba Watoto, ulinyunyiza lini?"

"Jumanne."

"Saa ngapi?"

Nikaendelea kuranda.

"Nimekuuliza saa."

"Asubuhi."

"Maua yakiwa wazi?"

"Mambo ya dawa ni magumu, mama. Huwezi kusema kwa hakika kwamba kitu fulani ndicho kilichosababisha..."

"Unajua," alisema. "Ndiyo maana unaongea kama wakili. Ulikataa asali ya baba ati unawahurumia nyuki. Haya, nyuki wako wapi? Nenda useme kabla kina kaka hawajaenda kwa watu wa mbuzi. Wakimkata mtu kwa kazi yako, mimi nyumbani kwako sirudi."

Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayemkumbusha mwenzake kodi ya nyumba. Nilifunga karakana, nikachukua pikipiki hadi mlimani.

Niliwakuta wote uani, baba mkwe na wanawe. Sikutafuta pa kuanzia. Nilisema, "Ni mimi niliyewaua nyuki. Nilinyunyiza alizeti."

Shemeji mkubwa akanigeukia. "Wewe? Wewe wa kutokula mdudu?"

"Mimi."

"Si ungekula tu asali yetu, bana! Tungepata hasara ya kikombe kimoja!"

Hakuna aliyecheka, hata yeye. Baba mkwe aliniuliza jina la dawa, akaniuliza saa, nikamjibu. Akainuka, akaniambia nimfuate. Tulivuka kijito. Chini ya kila mti palikuwa na rundo la nyuki waliokufa, na upepo ulikuwa umeanza kulitawanya. Aliniambia niokote mmoja. Nikaokota. Ulimi ulikuwa umetoka nje, kama wa nyuki aliyekufa kwa sumu. Nikaokota wa pili, naye alikuwa hivyo hivyo. Mizinga miwili tu ya pembeni ilikuwa bado na nyuki, wachache.

Aliporudi uani aliwaambia wanawe, "Mtu wenu mmemwona. Kwa majirani hakuna anayekwenda, ila mmoja wenu aende kuomba radhi kwa maneno yaliyosemwa." Kisha akanigeukia. "Asali itatafutwa. Utanunua wewe na utabeba wewe. Wakiuliza huko kwa nini nyumba ya nyuki imeleta asali ya kununua, sisi hatutajibu. Utajibu."

Nilinunua asali kwa wafugaji wa upande wa pili wa msitu. Siku ilipofika nikaibeba, mtungi mzima begani, nyuma ya wazee. Mtu ambaye kwa miaka amekuwa akiwahubiria watu habari za asali. Shemeji mkubwa alitembea kando yangu akisema kila baada ya mwendo kidogo, "Pole pole, usiwamwage wadudu."

Kwa kina msichana, mwenye neno alikuwa bibi yake, mama mzee sana lakini macho yake makali. Habari ilikuwa imemfikia, kwa sababu mlimani habari haihitaji gari.

"Nasikia kwenu nyuki wamekufa kwa sumu," alisema. "Hii mmeitoa wapi?"

Nikasimama, nikaeleza. Alizeti, viwavi, dawa, saa, na mahali niliponunua. Nilieleza kwa utaratibu. Alisikiliza hadi mwisho, akaashiria mtungi.

"Aliyeleta aonje kwanza."

Shemeji mdogo, bwana harusi mwenyewe, akasema kwa sauti ya chini, "Bibi, huyu haonji asali. Ni utaratibu wake."

"Haonji kwa nini? Anajua nini kilichomo?"

Ndugu zangu, nawaambia ukweli, nilifikiri kwanza juu ya nafsi yangu. Nilifikiri miaka yangu ya kutogusa kitu kile, na jinsi nilivyokuwa nikijulikana kwa hilo. Ndipo nikamwona shemeji mdogo. Alikuwa ameshika magoti kwa mikono miwili. Nikikataa, asali ile ingekuwa sumu machoni pa kila mtu pale, na maneno ya ndoa yangeishia hapo. Nikachota kijiko, nikameza.

Bibi alikuwa akitazama koo langu. "Ngoja," alisema.

Tukangoja. Nikiwa nimesimama pale na utamu mdomoni, niliona jambo ambalo vitabu havikunionyesha. Miaka yote nilikuwa nachunguza kilicho kwenye sahani tu: hiki kina damu, hiki hakina. Sikuwahi kuuliza kilichokufa njiani kabla sahani haijafika. Bibi yule hakuuliza kama asali ni halali au haramu. Aliuliza kama mimi niliyeileta ninajua habari zake zote na niko tayari kusimama nazo.

Baada ya muda akasema, "Wewe, bado uko?"

"Niko, bibi."

"Haya, leteni vikombe."

Hapo ndipo watu walicheka, na shemeji akayaachilia magoti yake. Ndoa ilifungwa. Kuhusu yule mke wangu niliyemtaja, ndiye yule pale nyuma, ananionyesha saa.

Hasara ya pili ilikuja wakati wa mavuno. Maua yalikuwa makubwa, ya kupendeza, lakini ukiivunja mbegu ndani hamna kitu. Alizeti haijazi mbegu vizuri bila nyuki, na nyuki wa mtaa ule nilikuwa nimewamaliza. Nilipeleka magunia kwa mwenye mashine ya kukamua hapa mjini, akanyanyua moja kwa mkono mmoja. "Fundi, umeniletea mbegu au umeniletea maganda?" Mafuta yaliyotoka mliyaona wenyewe. Mliyanunua yote, na wengine mlilipa bila kuchukua chupa.

Sijarudi kula nyama, na simwambii mgonjwa yeyote hapa avunje masharti ya daktari wake. Bado nalima alizeti. Viwavi nawakagua mapema, na ikibidi dawa, nanyunyiza kabla maua hayajafunguka. Yakishafunguka, ni jioni giza likiingia, na siku moja kabla nampigia simu kila mwenye mizinga. Ukingo wa shamba nimeuacha na vichaka vyake. Baba mkwe ameanza tena na ile mizinga miwili, na mingine nimemchongea mwenyewe.

Nimeanza pia kuuliza kuhusu vyakula vyetu vingine. Mwanamke anayeniuzia maharagwe aliniambia kwamba anayetega fuko, wale panya wa chini ya ardhi, shambani kwake hulipwa kwa mkia: akileta mikia, anahesabiwa pesa. Viazi vitamu ni hivyo hivyo. Nilikula maharagwe yale miaka mingi nikisema hayana damu. Bado nayala. Ila siwezi tena kukaa mbele ya sahani ya mama yangu nikamuuliza jina la kuku.

Ninaloomba kwenu ni dogo. Ukinunua chakula cha shamba, muulize aliyekilima amenyunyiza nini, na saa ngapi. Akikasirika, mwambie umetumwa na mimi.

Namshukuru mke wangu kwa kuja karakanani. Nawashukuru wakwe zangu, ambao wangeweza kunifukuza, lakini wakanipa mzigo nibebe. Namshukuru mweka hazina wetu aliyenipa mkopo wa kulipia hasara hii bila kunifanya niombe mara mbili, na ninyi nyote mliochangia mbao za mizinga. Mkopo nilimaliza mwezi uliopita. Nikijumlisha kodi ya shamba, mbegu, dawa, kukamua, asali ya kununua na mizinga, asubuhi ile moja ilinigharimu shilingi laki moja, elfu kumi na nane, mia tatu na hamsini.