Bi Mwanamkisi Ashuka Darini

Tarehe 30 Juni, Bi Mwanamkisi Hamdu anastaafu baada ya kuitumikia kampuni yetu ya intaneti, Tandabui, kwa miaka ishirini na mmoja. Aliingia kufagia ofisi. Anatoka akiwa fundi mkuu. Katikati hapo amepanda madari ya Amu, mji wetu wa Lamu, mara zisizo na hesabu, na ameanguka mara moja tu, tena juu ya magunia ya makumbi ya nazi.

Ufundi ulimjia kwa sababu ya haya ya watu. Intaneti yetu hupita hewani, kutoka mnara wetu hadi kisahani kilichofungwa juu ya nyumba. Na darini, juu ya paa bapa la nyumba, ndiko wanawake hufungua nywele, tena ukisimama huko waona ua wa jirani mzima. Nani atampandisha mwanamume asiyemjua? Mafundi wetu walikuwa wakirudishwa mlangoni na visahani vyao kama wauza samaki waliochelewa. Mkurugenzi, Bwana Jeilani, akampa Mwanamkisi spana. Milango ikafunguka.

Sitampamba kwa uongo: ana mdomo. Kuna nyumba mtaa wa Langoni, mtandao wao ulikuwa ukifa kila asubuhi. Walitulaumu sisi, wakalaumu na majini. Alipopanda akakuta mablanketi mabichi ya jirani yameanikwa mbele ya kisahani. Hakuhamisha kisahani, alihamisha kamba, na jirani akapata somo ambalo siliandiki hapa.

Mwaka 2011 kampuni kubwa ya simu ikaanza kupitisha intaneti ya kasi ndani ya waya za simu za zamani, ile waiitayo DSL. Waya tayari uko ukutani. Hakuna kupanda, hakuna kuona ua wa mtu, na bei yao iko chini ya yetu. Kwa miezi minne wateja wa mjini wakatuhama nyumba kwa nyumba, na walimwita Mwanamkisi huyo huyo aje kuteremsha visahani. Aliviteremsha, akavifuta vumbi, akavipanga stoo. Bwana Jeilani akatukusanya akasema mwisho wa mwezi anafunga. Tulikuwa watu saba, na watano kati yetu tukilisha nyumba peke yetu.

Mwanamkisi hakulia. Alishika simu yake akatoka kwa miguu, akaanzia kwenye jengo la kampuni ile, akipiga hodi kwa wateja waliotuhama na kupima kasi kila nyumba. Siku ya tatu alirudi miguu imevimba, akasema mbele yetu sote:

"Bwana, waya ule ni kama mfereji wa maji. Wa karibu huoga, wa mwisho wapata matone. Waachie mji. Sisi twende unakoishia waya."

"Huko kuna nini, Bi Mwanamkisi?"

"Kuna watu."

Tukaenda Shela, tukaenda Manda. Kijijini Kipungani waliukataa mnara, basi akaketi na wasuka mikeka siku mbili nzima. Mkeka wake ulitoka umepinda, wakamcheka mpaka wakachoka, kisha wakamwonyesha pa kuusimamisha mnara. Leo mikeka yao yaagizwa kwa picha kutoka nchi za mbali, na wateja wetu wengi wako huko ambako waya haukufika. Tandabui iko hai, na sote saba tulibaki kazini.

Juzi Bwana Jeilani alimuuliza ataka zawadi gani. Tulidhani atasema friji. Akasema, "Mnara wa Kipungani using'olewe, hata akibaki mteja mmoja." Bwana Jeilani ameandika, ametia sahihi, na karatasi imebandikwa ukutani kwa yeyote atakayejitia kusahau.

Ahsante, Mwanamkisi mwanangu. Mola akupe afya na umri wenye raha, na magoti yako yapate kupumzika. Nadra, fundi atakayeshika spana yako, umemfundisha mwenyewe, na anajua. Kwa hiyo siku ukisikia mtandao umekatika, kaa papo hapo ulipo, unywe kahawa yako. Si zamu yako.

Bi Barka wa jikoni, kwa niaba ya wafanyakazi wote