Kitabu Kilichodanganya Umri

Kijiwe chenyewe ni benchi la mawe mjini Vic, nchi ya Wakatalani, mbele ya mgahawa wa kona, na usione watu wamezeeka ukadhani na domo limezeeka. Kila asubuhi hukaa pale Ermengol, muuza soseji mstaafu, wanamwita Profesa kwa kuwa hana asilolijua. Quitèria, yaani Redio, kwa kuwa hazimwi. Na Narcís, wanayemwita Wino, mtoto wa mchapaji. Siku hiyo kahawa ya Wino ilikuwa inapoa bila kuguswa. Amesikia kuna vijana wanakusanya mtandaoni habari za kila kitabu cha Kikatalani. Unaandika neno, kitabu kinajitokeza. Yeye alitaka kimoja tu. Baba yake alikichapa katika chumba cha chini ya nyumba, enzi za Jenerali, yule dikteta aliyeipiga marufuku lugha yao, na polisi wakachoma nakala zote. Ndivyo alivyoamini maisha yake yote.

— Kila kitabu? — Profesa akaguna. — Hao wana mashine inayonusa karatasi. Inapitishwa maktabani, ikisikia harufu ya Kikatalani inapiga chafya.

— Inanusa nini, soseji zako? — Redio akamkata. — Binti wa kaka yangu, Mariona, ndiye anaifanya hiyo kazi. Wanasoma kwa macho! Mpaka vitabu walivyokimbia navyo watu hadi Meksiko, wakimhofu Jenerali, vimo. Vilivyozama baharini pia.

— Vilivyozama?

— Kwani samaki wanasoma? Vitakwenda wapi?

— Ndiyo maana wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta.

— Ukuta unaingiaje hapa, Profesa?

— Subiri, utaingia tu.

Redio akachomoa simu. — Wino, taja jina la kitabu.

Wino akatazama kushoto, akatazama kulia, kama alivyofundishwa utotoni, ndipo akanong'ona: — “Mkate wa Jirani.”

Redio akabonyeza, akakunja uso. — Pole, ndugu yangu, hakimo... Ngoja kwanza. Mama yangu weee! Kipo! Mashairi. Nakala moja, Meksiko. Kimechapwa Vic, 1934.

Wino alilia palepale, waziwazi, bila kujifuta. Profesa akavua bereti yake.

— Kimevuka bahari, — Wino alisema. — Na sisi tulijua ni majivu.

— Lakini 1934? — Profesa akairudisha bereti kichwani. — Jenerali alikuwa bado hajatawala! Kumbe miaka yote ulikuwa unatupiga kamba!

— Huo mwaka ni uongo wa baba. Walikuwa wanachapa mwaka wa zamani, polisi wakikikuta waambiwe ni cha kabla ya marufuku. Ukweli ni 1943. Mimi nilishika mshumaa.

— Aisee! — Profesa akapiga paja. — Mashine yote hiyo, imepigwa chenga na baba yako!

Mariona alifika wakati huo, shangazi yake Redio alikuwa amemwita tangu asubuhi. Alisikiliza habari yote, akafungua kompyuta yake magotini.

— Mzee wangu, sisi tuliuamini mwaka ule, — alisema. — Narekebisha sasa hivi. 1943. Nani alikichapa?

— Bartomeu Vilaró! — Wino alipaza sauti hadi waliokuwa ng'ambo ya uwanja wakageuka. Maisha yake yote hakuwahi kulisema jina hilo kwa sauti pamoja na kile kitabu. Alijisikia mwepesi, akacheka.

— Na mwandishi? Jaladani pameandikwa “rafiki” tu.

Redio akamtazama Profesa. Profesa akamtazama Wino. Polisi waliochoma vitabu walimfunga Bartomeu, wakamuuliza swali hilohilo gerezani kwa majira mawili ya baridi. Akatoka hana meno ya mbele na jina hakulitaja. Nyumbani nako hakuna aliyethubutu kumwuliza, na miaka ikapita hadi akazikwa.

— Ni nani, mzee wangu? — Mariona aliuliza tena, taratibu. — Watu watamtafuta.

Wino akajipapasa paji la uso. Kwa mara ya kwanza alimkasirikia baba yake, na papo hapo akamstahi kuliko siku zote.

— Alimficha, mwanangu. Alimficha vizuri mno.

Mariona akasubiri, vidole juu ya vitufe, na pale benchini hakuna aliyekuwa na jina la kumpa.