Mtoto Aliyenipangusa Usoni

Bwana Yesu asifiwe sana, ndugu zangu! Mimi ni Atupele wa hapa Bulyaga. Nimeandika ili mama mchungaji anisomee, kwa sababu nikisimama mbele za watu maneno yananikimbia.

Baba alipofariki tulihama kijijini Nkunga, tukapanga chumba huku mjini. Mama anatoka alfajiri kuuza ndizi sokoni. Mimi nimemaliza kidato cha nne, nasubiri matokeo, basi nabaki na mdogo wangu Lusajo, anayekaribia miaka miwili. Ndugu zangu, mvua ya huku mnaijua. Siku nzima mlango umefungwa, mwenyeji hatuna, na mimi kubisha hodi kwa watu siwezi! Tulikuwa na simu ya kupangusa aliyoiacha baba. Nikimwekea Lusajo katuni, ananyamaza. Akinyamaza, nami nanyamaza. Kuna siku ilifika jioni sijasema neno hata moja, nikajikohoza ili nisikie kama bado nipo.

Mtoto hakuwa akiongea. Nikimwita, hana habari. Siku moja nilikuwa nalia kwa kumkumbuka baba, nikainama nimkumbatie. Akanyoosha kidole, akanipangusa shavuni, kama anavyoondoa picha asiyoitaka kwenye simu. Kisha akasubiri nitoke, aje mwingine. Ee Bwana! Niliomba maombi mafupi tu: "Mungu, nimebaki na huyu. Nisimpoteze huku nimempakata."

Kesho yake jirani yetu, Mama Neema, akapiga hodi. Hakuwahi kuingia kwetu.

"We binti, kuna msiba humu? Nyumba ina watu, mbona kimya hivi?"

Kabla sijajibu, Lusajo yuko mgongoni kwake.

"Twende kwangu, tunamenya ndizi. Hiyo simu iache ilale."

Mtoto alilia mpaka sauti ikakauka. Akina mama waliokuwa wakimenya walicheka tu. "Lia, baba, mapafu yakue!" Kisha Mama Neema akampa kipande cha ndizi iliyopikwa, lakini hakukiachia. Si mnajua wazee wetu wanavyofanya? Hupewi mpaka umtazame mtu, upokee kwa mikono miwili, useme ndaga, yaani asante. Lusajo akavuta. Mama Neema akashikilia. Wakavutana! Mwishowe mtoto akainua macho, akamtazama usoni muda mrefu, kama hajawahi kuona uso.

"Ga," akasema.

Ndugu zangu, vigelegele! Na mimi niliyejibanza mlangoni nikacheka. Simu ile haikuwahi kumdai ndaga hata siku moja.

Sasa tunaenda kwa Mama Neema kila siku. Simu hatujaitupa, jioni mama yetu anamwonyesha kidogo, amempakata, wanatajiana kuku na ng'ombe. Maneno yake bado machache. Na siwadanganyi, upweke wangu haujaisha wote. Lakini jana alinipotea katikati ya akina mama, nikamwona akitazama nyuso, mmoja baada ya mwingine, mpaka akafika kwangu. Akanikimbilia! Mimi!

Namshukuru Mungu aliyemtuma Mama Neema. Na wewe uliyejifungia na mtoto, mtumaini Yeye, ufungue mlango. Nami nina ombi, ndugu zangu. Mkituona tunapita, msingoje nianze kuwasalimu, aibu itanishinda. Tuiteni kwa majina yetu. Tutasimama.