Maisha ya Fundi Ngumbao Dena, Aliyefufua Cherehani Zilizotupwa (1956–2025)

Yameandikwa na kusomwa na bintiye, Kabibi Ngumbao, Vitengeni, Jumamosi, tarehe 22 Februari 2025.

Marehemu Ngumbao Dena alizaliwa tarehe 14 Machi 1956 hapa Vitengeni, mtoto wa pili wa marehemu Mzee Dena Kenga na marehemu Mama Kabibi Gona. Mimi ninayesoma nina jina la nyanya huyo. Baba alikulia katika shamba hili tulimosimama, akilima mahindi na kuchunga mbuzi pamoja na mdogo wake, Mzee Kenga, ambaye leo ni mwenyekiti wa kamati ya mazishi.

Alisoma shule ya msingi hapa hapa Vitengeni kuanzia 1964 hadi 1970. Alifaulu, lakini mvua ilikosekana miaka miwili mfululizo na sekondari hakwenda. Mwaka 1972 alipelekwa Malindi kwa Bwana Athman, fundi wa nguo wa mji wa kale, ajifunze kushona. Kushona hakukumkaa. Kilichomvuta ni cherehani yenyewe. Siku moja Bwana Athman aliifungua moja yote, akatia vipande kwenye beseni, akamwambia airudishe kama ilivyokuwa. Alipomaliza alibaki na parafujo moja asiyojua pa kuitia, na kwa hofu akaificha mdomoni. Bwana Athman akaja na kumsabahi, na Baba akashindwa kuitikia. Akaambiwa kwa upole, "Itoe kwanza hiyo parafujo, kisha useme shikamoo." Aliifungua cherehani yote upya. Kisa hiki alikisimulia mwenyewe kila mwaka, na kila mara alicheka kabla ya sisi kucheka.

Mwaka 1981 alifungua karakana yake mtaa wa Barani, pembeni mwa mji wa Malindi. Mafundi wa Malindi, Mambrui na hata Kilifi walimletea cherehani zao. Tarehe 4 Desemba 1982 alifunga ndoa kanisani na Mama yetu, Zipporah Chengo. Mama husema alichumbiwa na mtu aliyenukia mafuta ya taa, na kwamba alizoea kabla ya harusi.

Cherehani alizozipenda kuliko zote ni zile kubwa za viwandani, za chuma kizito, zinazopenya turubai na ngozi. Mwaka 2011 alisikia kuna ghala ambamo ziliachwa tangu kiwanda kidogo cha nguo kilipofungwa, miaka kumi na tatu nyuma. Paa lilivuja, chumvi ya bahari ilizila, na kuku walitagia juu ya meza zake. Mwenye ghala alimwambia azichukue kabla hazijatupwa. Alitoa kumi na moja. Aliziloweka kwenye mafuta ya taa, akasugua kutu kwa brashi ya waya, na kila asubuhi akajaribu kuzungusha gurudumu la kila moja kwa mkono, hata kama lilisogea upana wa ukucha tu. Ya mwisho ilimchukua miezi saba. Iliposhona mshono wake wa kwanza alituita sote, akashona kipande cha gunia, kisha akakishona tena.

Sita kati ya hizo aliwapa kina mama wa Dabaso mwaka 2016, wakawa wanashona mapazia ya turubai na mikoba kwa ajili ya hoteli.

Sasa nimefika mahali ambapo baadhi yetu wangependa nipite haraka.

Mwaka 2019 cherehani moja ya Dabaso ilibaki bila kifuniko cha mkanda, ule mkanda unaotoka kwenye mota kwenda kwenye gurudumu. Baba alikitafuta kila mahali, hakukipata, akaamua kukitengeneza kwa bati. Kina mama walikuwa na kazi ya kumaliza kabla ya msimu wa wageni. Aliwaambia waitumie tu, kifuniko angekileta wiki inayofuata. Zikapita wiki tatu. Alhamisi, tarehe 18 Julai 2019, mkanda ulinasa mkono wa nguo ya Monicah Charo, mmoja wa washonaji hao, aliyekuwa na miaka ishirini na minne, ukavuta na mkono wenyewe. Vidole viwili vya mkono wa kulia vilikatika, na cha tatu hakikunjiki hadi leo. Baba alikuwa mle mle ndani, akitia mafuta cherehani nyingine. Yeye ndiye aliyezima mota.

Hakumlaumu mtu. Alijipeleka kwa chifu, akasema kosa ni lake. Alivua mota zote sita, akazirudisha tu baada ya kukagua kila kifuniko na kutengeneza kile kilichokosekana. Halafu akaanza kuzunguka kwa mafundi, Malindi hadi Kilifi, akitengeneza vifuniko hata pale ambapo hakuitwa. Cherehani nyingine kuukuu zilipoletwa Barani, aliwaambia wenyewe wazirudishe. Mama alimsihi apumzike, naye akajibu kwamba hajachoka.

Kila Ijumaa alikwenda Dabaso kumjulia hali Monicah. Miezi ya kwanza mamake Monicah hakumruhusu kupita mlangoni, naye alisalimia akiwa nje na kuondoka. Mwaka 2021 alimpelekea cherehani aliyoibadilisha ili itumiwe kwa mkono wa kushoto, kazi ya karibu mwaka mzima. Monicah alikaa, akaijaribu, akainuka. Akamwambia, "Mkono wangu ndio haurudi, Mzee. Si cherehani." Baba alitusimulia maneno hayo jioni ile, kisha akaenda kulala bila kula. Ijumaa iliyofuata alikwenda tena.

Machi 2022 miguu yake ilianza kuvimba, na ikajulikana kwamba figo zimeharibika. Akawa anasafishwa damu mara mbili kwa wiki mjini Malindi. Kuanzia Novemba mwaka jana hakuweza tena kusafiri, akanituma mimi Dabaso badala yake. Nilikuwa nikipeleka salamu, nikipokea salamu, na yeye aliuliza Monicah alikuwa ameketi au amesimama, na kama alikuwa na wateja, maana siku hizi Monicah anauza samaki wa kukaanga.

Mwezi Januari aliniita pamoja na Mzee Kenga. Alitaka habari ya Monicah iandikwe katika wasifu wake. Mzee Kenga alimwambia kwamba wasifu ni wa kumstahi mtu, si wa kumshitaki. Baba akajibu, "Mkiliacha hilo, mtakuwa mnamzika mtu mwingine."

Alifariki Jumanne, tarehe 11 Februari 2025, saa nne asubuhi, nyumbani kwake Barani, Mama akiwa amemshika mkono. Alikuwa na miaka sitini na minane.

Wiki iliyopita jambo hili lilirudi kwenye kamati, na lilituumiza. Mama ndiye aliyekata shauri. Alisema lisomwe, ila Monicah aulizwe kwanza. Jumapili nilikwenda Dabaso na karatasi hii, nikamsomea yote. Alisikiliza huku akigeuza samaki kwa mkono wa kushoto. Nilipomaliza aliopoa samaki wa mwisho kutoka kwenye mafuta, kisha akasema: "Soma, dada. Lakini usiseme nilimsamehe. Sijui kama nilimsamehe. Sema alikuwa akija."

Hakuniambia kama leo atakuja.

Marehemu ameacha mjane, Zipporah Chengo, watoto Dena, Kabibi, Gona na Nyale, wajukuu saba, na mdogo wake, Mzee Kenga Dena.

Mungu amjalie Baba amani ambayo sisi hatukuweza kumpa.