Hakuwa na Woga

Ndani ya basi, mjane alimuuliza kijana wa maabara aliyeketi naye amepakata nini. "Sumu ya nyoka koboko, mama," alijibu, kama anayetaja maziwa.

"Koboko ndiye aliyemuua mume wangu. Alitetemeka midomo mpaka nikamwambia ajikaze, aache woga."

"Haukuwa woga, mama. Mishipa ya fahamu ina vilango vya kutolea potasiamu ili itulie. Sumu hii huviziba, basi mishipa inatuma ishara ovyo kwa misuli, nayo hutetemeka bila kukoma."

"Kwa hiyo alinisikia nikimsuta?"

Kijana aliinamisha kichwa. "Huenda alisikia. Akili haiguswi na sumu hii."

Basi likasimama kwenye kituo alichopaswa kushuka mjane. Abiria wakamwachia njia, lakini hakuinuka.