Simu Mbili na Sauti ya Marehemu

Sogeeni karibu, wajukuu zangu, na wewe wa mwisho funga mdomo kwanza, maana hadithi hii nusura iharibiwe na kelele. Palikuwa na benchi mbele ya duka la fundi cherehani mmoja, aliyefiwa na mkewe mwaka ule. Simu yake ya zamani ilivimba betri hadi kioo kikanyanyuka, na humo ndimo zilimokuwa jumbe za sauti alizotumiwa na marehemu. Mkwewe alimletea simu mpya, ya kampuni nyingine. Sauti zikagoma kuhama. Fundi akazilaza simu zote mbili benchini, akawatazama wenzake wa benchini kama mtu aliyeleta mgonjwa.

— Hazihami hizo, akasema Dalali wa vyumba. Kampuni ni kama mwenye nyumba. Ukihama kwangu, kitanda unaacha.

— Kitanda nilinunua mwenyewe! fundi akateta.

— Kitanda chako, mlango wangu.

Kinyozi akacheka.

— Mlango gani, wewe? Hao wenye kampuni wawili ni maadui. Huyu hataki hata jina la mwenzake litajwe dukani kwake.

— Maadui? akadakia Dalali. Mchana wanagombana, usiku wanakula sahani moja. Wameshatugawana sisi!

— Uliwaona wapi?

— Sijawaona. Ndiyo maana nawashuku.

Mama Birika, muuza kahawa, akaingilia:

— Ubaya wao ni duka. Simu umenunua, lakini cha kuweka ndani ununue kwao tu. Huo si uonevu?

— Na wewe, akauliza Kinyozi, mbona unatukataza kuleta hapa kahawa ya yule wa ng'ambo ya barabara?

— Benchi langu!

— Benchi la fundi!

Mama Birika akamimina kikombe ambacho hakuna aliyekiomba.

Fundi kichwa kilimzunguka. Nyumba, maadui, sahani. Yeye alitaka sauti tu. Akaamua simu ya zamani iseme, mpya irekodi. Akazigusanisha.

"Baba watoto, ukifunga duka usi..."

— Washtakiwe wote wawili! Dalali akafoka.

Waliporudia kusikiliza, mke alikuwa nusu, Dalali mzima. Na betri ilikuwa imeshaingia wekundu.

Hapo akatokea binti wa fundi, amekuja kumchukua baba. Akawasikiliza wakilaumiana, akauliza:

— Samahani, wazee wangu. Sauti ni ya mama. Simu ni ya baba. Sasa ruhusa tunamwomba nani?

Dalali akanyoosha kikombe aongezwe kahawa. Kinyozi akageukia kikombe chake, kitupu. Mama Birika akaitua birika taratibu.

Fundi akazigusanisha simu upesi, kabla kelele hazijarudi, akabonyeza.

"Baba watoto, ukifunga duka usisahau kuchomoa pasi. Na usikawie kwa hao wa benchini."

Kioo kikazima, kisiwake tena. Sauti nyingine zote zikaenda nacho.

Basi, fundi naye alipomfuata mkewe, binti alirithi cherehani na rekodi mbili, ya mama peke yake na ile yenye Dalali ndani. Benchi likawa la Mama Birika, safari hii kweli. Kinyozi alipewa pasi. Huichomoa hata siku ambayo hakuiwasha. Dalali alirithi lile swali. Bado analo. Ukimwuliza, anaagiza kahawa.