Aliyefuta Maandishi ya Kaburi la Creel

— Asiyeniamini achukue kofia yake aende zake sasa hivi, alisema Lemuel. Nililoliona mimi, Baltimore nzima haijaliona.

Hakuondoka mtu, nani aache kahawa ya bure? Ilikuwa Jumapili, watu wametoka ibadani, nao wamekaa pale pale pa siku zote, kwenye ngazi za marumaru mbele ya nyumba ya mama yake Lemuel. Mama huyo huzisugua kila Jumamosi kwa jiwe na unga wa sabuni mpaka unaona haya kuzikalia. Juu alikaa Profesa, kinyozi, kwa kuwa ndiye mwenye miwani. Kaa, mchuuzi wa kaa wa mvuke, alishika birika. Chini kabisa alikaa mzee Gaither, mtunza makaburi ya kanisa, kikombe kimempoa mkononi. Wazee wa kanisa walimpa mpaka kesho aseme nani kaharibu kaburi la Thaddeus Creel, mwandishi wa hadithi za mizimu na wapelelezi, fahari ya mtaa. La sivyo arudishe funguo na chumba anacholala. Jiwe lililokaa na masizi miaka mia lilikutwa jana jeupe pe, halina herufi hata moja.

Lemuel, ambaye kijiweni wanamwita Redio kwa kuwa hazimwi, aliapa kwamba alimwona marehemu mwenyewe, koti refu, akijifuta jina kwa mkono wa koti, herufi moja baada ya nyingine.

— Haba na haba hujaza kibaba, Kaa aliafiki.

Profesa hakukubali. Huyo ni mwizi, alisema, herufi kaziuza Filadelfia, tena ni mfupi, maana mtaka cha mvunguni sharti ainame. Kaa akaona aibu kupitwa, akaleta kisa cha mjane wa mwandishi mshindani, mwenye miaka mia na thelathini, aliyepanda ukuta kwa wivu. Walicheka. Lemuel alicheka kuliko wote, mpaka alipomwona mzee Gaither anatabasamu kwa adabu tu, kama mgeni msibani.

Ndipo akafika mtu mwenye vumbi jeupe kwenye nyusi. Alikuwa mchonga mawe, ametumwa na kanisa.

— Samahanini, wazee. Jina na miaka ninayo. Ile mistari minne ya chini ilisemaje?

Profesa, ambaye humsimulia kila mgeni habari za “Creel wetu”, alivua miwani akaifuta. Kaa akachungulia birika. Mzee Gaither alisema herufi ndogo zilimshinda tangu zamani. Yeye alikuwa akizipangusa vumbi tu.

— Mtaa mzima? mchongaji aliuliza. Hata mmoja?

Lemuel alihisi masikio yanamchoma. Akinyamaza, mzee wa watu anahama kesho. Akisema, kwisha habari yake. Aliziangalia ngazi za mama yake.

— Aliwatisha wengi, alisema polepole. Mwenyewe aliogopa giza. Mkewe alimshikia taa. Mwacheni alale.

Mchongaji aliandika. Profesa akageuka.

— Redio, wewe shule uliikimbia. Umeijulia wapi mistari hiyo?

— Niliisoma nikiifuta.

Alieleza akiwa ameinamisha kichwa: geti lilikuwa wazi, mzee yuko ndani anafagia kanisa, yeye akaona aibu ngazi za mama zing'ae kuliko kaburi la Creel, akaleta jiwe lile lile na unga ule ule. Hakujua kwamba jiwe la zamani ni laini hivyo.

— Hukujua, mwanangu, alisema mzee Gaither. Basi si kosa lako.

Wema ule ulimuuma kuliko kofi.

— Kuna kipande nimekiacha, mzee wangu. Nilipofika mstari wa ile taa, niliona herufi za juu zimekwisha. Niliona kabisa. Lakini wasichana wawili walikuwa wamesimama nje ya uzio, wananisifu jinsi ninavyong'arisha. Nikaendelea.